Kampuni ya chipu inafikaje kileleni, na nini huiweka huko: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanafunzi wa kompyuta, wauza laptop na vipuri, na yeyote hapa Dar es Salaam anayesikia jina la Nvidia, kampuni ya Marekani ya chipu za picha na akili mnemba, kila siku lakini hajapata mtu wa kumweleza kinachoendelea ndani. Mwenye haraka aanzie swali la CUDA na lile la kiwanda. Mengine yanaeleweka vizuri baada ya hayo mawili.

Mnaposema kampuni "imetawala soko la chipu", mnapima kwa kipimo gani?

Kwanza uliza soko lipi, kwa sababu soko la chipu si moja. Prosesa za laptop na seva zilikuwa za Intel kwa miongo. Simu ni ugomvi wa MediaTek, Qualcomm na wenzao. Kazi ya kuzalisha chipu za wengine imeshikwa na TSMC ya Taiwan. Mashine za mwanga wa EUV zinazochora chipu za kisasa kabisa zinauzwa na kampuni moja tu duniani, ASML ya Uholanzi. Chipu za kufundishia akili mnemba, kwa sehemu kubwa, ni za Nvidia.

Pili, usihesabu chipu zilizouzwa tu. Tazama faida ghafi. Katika mwaka wake wa fedha ulioishia Januari 2025, Nvidia iliuza bidhaa za dola bilioni 130.5, na kati ya hizo bilioni 115.2 zilitoka kwenye vituo vya data. Faida ghafi ilikuwa karibu asilimia 75, yaani bidhaa ya dola 100 iligharimu kama dola 25 kuizalisha. Muuzaji anayebanwa na washindani hapati faida ya namna hiyo hata siku moja.

Si ina maana tu kwamba chipu yao ndiyo yenye kasi kuliko zote?

Hapana. Intel ilitoa 8086 mwaka 1978. Mwaka uliofuata Motorola ikatoa 68000, ambayo wahandisi wengi waliiona bora: rejista zake, yaani vihifadhi vidogo vya namba ndani ya prosesa, zilikuwa pana na kuiandikia programu kulikuwa rahisi. Intel haikukimbilia kuchora chipu nyingine. Ilianzisha kampeni iliyoitwa Operation Crush, ikawapa watu wake lengo la kupata bidhaa 2,000 za wateja zilizobuniwa juu ya chipu zake ndani ya mwaka mmoja. Mteja hakuuziwa prosesa peke yake. Alipewa chipu ndogo za kuisaidia, vitabu vya maelekezo, vifaa vya kuandikia na kupimia programu, na mhandisi wa kumpigia simu akikwama.

IBM ilipounda kompyuta yake binafsi, iliyozinduliwa tarehe 12 Agosti 1981, ilichagua 8088, toleo la 8086 lenye njia ya data ya biti 8. Sababu zilikuwa za kawaida sana: vipuri vya biti 8 vilikuwa bei rahisi na vilipatikana. Tangu siku hiyo kila programu ya hesabu, ya barua na ya mchezo iliyoandikwa kwa PC ya IBM iliandikwa kwa amri za Intel. Anayetaka kuhamia chipu nyingine ilibidi aziache programu zake.

Hatua ya pili haisemwi mara nyingi. IBM ilitaka pawe na mtengenezaji wa pili wa chipu hiyo, na ndivyo AMD ilivyopata leseni kwa mkataba wa 1982. Ilipotoka 386 mwaka 1985, Intel iliamua kuitengeneza peke yake. Mwaka 1986 Compaq ikatoa kompyuta ya 386 kabla ya IBM. Hapo nguvu ikahama: haikuwa tena mikononi mwa anayeunda kompyuta, ikawa kwa anayeunda chipu.

Nvidia ilianzaje? Ilikuwa tajiri tangu mwanzo?

Ilianzishwa Aprili 1993 huko California na Jensen Huang, Chris Malachowsky na Curtis Priem, na miaka michache baadaye ilikaribia kufa. Chipu yake ya kwanza, NV1 ya 1995, ilichora maumbo kwa nyuso zilizopinda. Microsoft ilipotoa DirectX, mfumo wa kuendeshea michezo kwenye Windows, ikachagua pembetatu, waandika michezo wakaifuata Microsoft, na NV1 ikakosa michezo ya kuendesha. Mradi wa chipu ya Sega, kampuni ya michezo ya video ya Japani, nao ukavunjika, lakini Sega ilikubali kuwekeza dola milioni 5, na pesa hizo ndizo zilizoivusha kampuni. Zaidi ya nusu ya wafanyakazi waliachishwa kazi.

RIVA 128 ya 1997 ikafuata pembetatu. Kwa kuwa hapakuwa na pesa za kurudia, walinunua mashine ya kuigiza chipu, wakatafuta makosa humo kabla ya kupeleka mchoro kiwandani. Kisha wakagawa wahandisi katika timu tatu zinazofanya kazi kwa kupishana, ili bidhaa mpya itoke kila baada ya miezi sita. Mshindani aliyehitaji mwaka na nusu alikuta chipu yake imepitwa siku anayoiweka sokoni.

Mpinzani mkubwa wa wakati huo, 3dfx, alijiumiza mwenyewe. Alinunua kampuni ya STB ili atengeneze kadi zake mwenyewe, na watengenezaji wa kadi waliokuwa wateja wake wakajikuta ni washindani wake. Wakahamia Nvidia. Mwishoni mwa 2000 Nvidia ikakubaliana kununua mali za 3dfx.

CUDA ni nini hasa, na kwa nini kila mtu anasema ndiyo inayowabakiza wateja?

Kadi ya picha, yaani GPU, ina vikokotoo vidogo maelfu vinavyofanya hesabu ya aina moja kwa wakati mmoja. Zamani mtafiti aliyetaka kuvitumia kwa hesabu za hali ya hewa au za molekuli alilazimika kuzivisha hesabu hizo sura ya picha, ndipo kadi ikubali kuzifanya. Novemba 2006, pamoja na GeForce 8800, Nvidia ilitangaza CUDA, mfumo wake wa kuifanya GPU ifanye hesabu za kila aina, na 2007 ikatoa vifaa vya kuandika programu za GPU kwa lugha inayofanana na C.

Uamuzi mzito ulikuwa kuiweka CUDA ndani ya kila kadi, pamoja na zile za wacheza michezo. Ilikula nafasi kwenye silikoni na ikapandisha gharama ya kila chipu, huku wanunuzi wengi wakiwa hawana haja nayo. Wawekezaji walinung'unika kwa miaka. Lakini mwanafunzi mwenye kadi ya kuchezea michezo alikuwa na maabara kamili chumbani kwake, na alichokiandika pale kiliendeshwa bila mabadiliko makubwa kwenye seva ya chuo. Kwetu, huu ndio uamuzi uliozaa mengine yote.

Leo kazi imepangwa tabaka kwa tabaka. Chini kabisa kuna draiva, programu inayoiunganisha kadi na kompyuta. Juu yake CUDA. Kisha maktaba za hesabu: cuBLAS ya matriki (majedwali ya namba), cuDNN ya mitandao ya neva iliyotoka 2014, NCCL ya kuziwezesha GPU nyingi kuzungumza. Juu kabisa kuna PyTorch, maktaba ya kujengea modeli za akili mnemba kwa lugha ya Python. Mtafiti anaandika mistari 50 ya Python na hajui kinachopita chini, ndiyo maana haoni sababu ya kuhama.

Anayejaribu kuhamia AMD, ambayo ina mfumo wake uitwao ROCm, hukutana na haya kwa mpangilio huu. Programu iliyotumia PyTorch peke yake mara nyingi inakubali. Vipande vilivyoandikwa kwa mkono katika CUDA vinahitaji kutafsiriwa kwa kifaa cha HIP. Vikishatafsiriwa vinaendesha, lakini polepole, kwa sababu viligawanywa kwa makundi ya nyuzi 32, yaani kazi ndogo 32 zinazokwenda pamoja, kama Nvidia inavyotaka, wakati GPU za AMD za vituo vya data hufanya kazi kwa makundi ya 64. Ukirekebisha hilo, unakuta maktaba fulani toleo lake halitambui kadi uliyonunua. Mishahara ya wahandisi katika miezi hiyo inameza punguzo lote la bei ya chipu.

Kuna kielelezo kidogo cha nguvu hii unachoweza kukiona mwenyewe. Kwenye kompyuta yenye kadi ya AMD iliyowekewa PyTorch ya ROCm, amri ya kuuliza kama GPU ipo bado ni `torch.cuda.is_available()`, nayo inajibu `True`. AMD imelazimika kuitikia jina la mpinzani wake ili programu za watu zisivunjike.

Basi si bahati tu kwamba akili mnemba ikaja?

Bahati ipo. Kufundisha mtandao wa neva ni kuzidisha matriki mara mabilioni, na GPU ilikuwa imeumbwa kwa kazi hiyo kwa ajili ya picha. Mwaka 2012 Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton wa Chuo Kikuu cha Toronto walishinda mashindano ya ImageNet ya kompyuta kutambua picha kwa kutumia kadi mbili za GTX 580, kila moja ikiwa na GB 3 tu. Kiwango chao cha makosa kilikuwa asilimia 15.3, na aliyewafuata alikuwa na 26.2. Kadi hizo ziliuzwa madukani kwa wacheza michezo.

Lakini CUDA ilikuwa imeshalipiwa gharama miaka sita kabla ya hapo, tena katika kipindi kigumu. Mwaka 2008 Nvidia ilitenga dola milioni 196 kwa ajili ya chipu za laptop zilizoharibika kutokana na vifaa dhaifu vya kuzifungashia. Na baada ya 2012 haikukaa ikasubiri. Mwaka 2016 ilipeleka seva yake ya kwanza ya DGX-1 kwa OpenAI, waliokuja kutoa ChatGPT, na 2017 ikaweka ndani ya chipu yake ya V100 vikokotoo maalumu vya matriki. ChatGPT ilipotoka tarehe 30 Novemba 2022 na kila kampuni kubwa ikataka chipu kwa mkupuo, H100, chipu yake ya vituo vya data, ilikuwa tayari inazalishwa.

Nvidia ina viwanda wapi?

Haina kiwanda cha chipu. Inachora, halafu TSMC inazalisha. TSMC ilianzishwa na Morris Chang mwaka 1987 huko Hsinchu, kwa mtaji wa serikali ya Taiwan, Philips na wengineo, kwa sharti ambalo halikuwa la kawaida wakati ule: haitauza chipu yoyote yenye jina lake. Ni kama mashine ya kusaga mtaani, unapeleka mahindi yako na kurudi na unga wako, na mwenye mashine hafungui duka la unga pembeni. Kwa sababu hiyo Apple, AMD, Nvidia na Qualcomm wanaweza kumkabidhi michoro yao wote kwa pamoja.

Safari ya chipu moja ya kituo cha data huenda hivi. Uchoraji na upimaji kwa kuigiza huchukua miaka miwili au zaidi. Mchoro uliokamilika hupelekwa kiwandani na kuchongwa vibao vya kupitishia mwanga. Kosa likionekana baada ya hapo, vibao hurudiwa na miezi hupotea. Kisha vipande vya silikoni hupita hatua mamia kwa zaidi ya miezi mitatu. Chipu zilizo nzima hukatwa na kuunganishwa na kumbukumbu za kasi ziitwazo HBM, nyingi zikitoka SK hynix ya Korea Kusini, kwa ufungashaji wa TSMC uitwao CoWoS. Mwisho ni upimaji na kufungwa kwenye seva.

Mwaka 2023 wengi walidhani uhaba ulikuwa wa chipu zenyewe. Palipobana zaidi ni kwenye CoWoS, hatua ya ufungashaji. Nvidia ilikuwa imeahidi na kulipia nafasi nyingi mapema, na mshindani mwenye mchoro mzuri alikuta foleni imejaa.

Kwa nini tajiri mwingine asijenge kiwanda chake?

Kiwanda kimoja cha kisasa kinafika dola bilioni 20. Ndani yake zinahitajika mashine za EUV za ASML, ambazo bei yake inazidi dola milioni 150 kila moja. Mashine hiyo hurusha matone ya bati yaliyoyeyushwa kama 50,000 kwa sekunde, ikiyapiga kila moja kwa leza ili litoe mwanga wa nanomita 13.5, ambao huongozwa kwa vioo vya Zeiss kwa sababu lenzi ya kawaida huumeza mwanga huo. Ukishazinunua zote, bado hujui kuzalisha. Ujuzi uko kwenye kupunguza kasoro, na hesabu yake inafaa kufanywa kwa kalamu.

Kisahani cha silikoni kina kipenyo cha milimita 300. Chipu ya H100 ina ukubwa wa milimita za mraba 814, kwa hiyo kisahani kimoja kinatoa chipu kama 63, kwa kuwa za pembeni zinakatika. Chipu za simu za milimita za mraba 100 zinaingia kama 640. Sasa tuchukulie, kwa mfano, kasoro moja katika kila sentimita 10 za mraba. Chipu ndogo zitapona asilimia 90, yaani kama 579. Chipu kubwa zitapona asilimia 44 tu, yaani 28. Kasoro zikiongezeka mara mbili, chipu kubwa nzima zinabaki 12. Kisahani ni kilekile na gharama ni ileile, ila mauzo yameanguka zaidi ya nusu. Kiwanda kipya huanza na kasoro nyingi, na hakuna njia ya kuzipunguza isipokuwa kuzalisha kwa wingi kwa wateja ambao bado hujawapata.

Njia ya kupunguza hasara ni kuzima sehemu mbovu. H100 kamili ina vitengo 144 vya kukokotoa, lakini ile ya SXM, toleo la kupachikwa kwenye bodi ya seva, ina 132 vilivyowashwa. Chipu yenye vitengo kadhaa vibovu haitupwi. Desturi hiyohiyo inakufikia hadi Kariakoo: prosesa ya Intel yenye herufi F mwishoni, kwa mfano i5-12400F, sehemu yake ya picha imezimwa. Ukiinunua bila kadi ya picha, kompyuta itawaka na skrini itabaki nyeusi, na fundi atahangaika na RAM bure.

Kwa nini akili mnemba inahitaji zaidi ya chipu yenyewe?

Kwa sababu kikokotoo chenye kasi hukaa bure data isipofika. H100 ya SXM husoma kumbukumbu yake kwa kasi ya terabaiti 3.35 kwa sekunde. RAM ya kawaida ya kompyuta ya mezani haifiki hata sehemu ya ishirini ya hapo. Na modeli kubwa hufundishwa kwa maelfu ya GPU zinazosubiriana, kwa hiyo waya kati yao ni muhimu kama chipu. Ndiyo sababu Nvidia ilinunua Mellanox ya Israeli, kampuni ya mitandao ya kasi, kwa karibu dola bilioni 7, ununuzi uliokamilika 2020. Tangu hapo inauza kabati zima: GPU, waya, swichi na programu.

Upande wa umeme, H100 moja inakula hadi wati 700. Seva ya DGX yenye nane inafika kilowati 10.2. Kwa lugha ya LUKU hizo ni uniti 245 kwa siku moja, kabla hujaongeza umeme wa kupoza. Mteja wa TANESCO wa kundi la D1 amepangiwa wastani wa uniti 75 kwa mwezi. Seva moja basi inamaliza kwa siku kile ambacho nyumba hiyo inatumia kwa zaidi ya miezi mitatu. Anayepanga kuweka mashine hizo Dar, pamoja na joto na unyevu wa Februari, aanze na hesabu ya umeme na upozaji kabla ya kuuliza bei ya chipu.

Mbona simu nyingi za Mtaa wa Aggrey zina chipu za MediaTek au Unisoc, na si za hao wakubwa?

MediaTek, iliyoanzishwa Hsinchu mwaka 1997, ilishinda kwa mbinu ya Intel ya zamani katika sura mpya. Ilimpa mtengenezaji wa simu wa Shenzhen kifurushi kilichokamilika: chipu, mchoro wa bodi, programu, na orodha ya vipuri vinavyokubaliana. Kampuni yenye wahandisi wachache iliweza kutoa simu ndani ya miezi. Tecno, Infinix na itel, zote za Transsion, zimekua katika mazingira hayo.

Wakubwa walijaribu. Nvidia ilinunua kampuni ya modemu ya Icera mwaka 2011 na kufunga kazi hiyo kuanzia 2015. Intel ilifuta chipu zake za simu mwaka 2016. Kwenye simu unatakiwa kuweka modemu, kamera na prosesa katika chipu moja ya wati chache kwa bei ya chini. Ujuzi wa kutengeneza chipu kubwa ya gharama hausaidii sana hapo.

Intel ilikuwa juu kuliko wote. Ilikosea wapi?

Iliangushwa na mambo yaliyokuja kwa pamoja. Mchakato wake wa nanomita 10, uliotarajiwa karibu 2016, ulianza kuzalisha kwa wingi 2019 tu, kwa kuwa ilijaribu kubana transista nyingi mno bila kutumia EUV. Wakati huohuo AMD, iliyotoa Ryzen mwaka 2017, ilihamia nanomita 7 za TSMC mwaka 2019. Intel ilikuwa inachora na kuzalisha chini ya paa moja, hivyo kiwanda kilipokwama michoro yote ikakwama nacho. Simu zikamkwepa, akili mnemba ikamkwepa. Novemba 2024 Nvidia ilichukua nafasi yake katika Dow Jones, orodha ya kampuni 30 kubwa za soko la hisa la Marekani.

Pamoja na hayo, laptop nyingi zinazouzwa Dar bado zina Intel. Programu zilizoandikwa miaka 40 haziondoki kwa mwaka mmoja.

Kutawala hivi ni halali?

Kuwa mkubwa si kosa. Kosa ni kuutumia ukubwa kumfungia mwingine mlango. Mwaka 2009 Umoja wa Ulaya uliitoza Intel faini ya euro bilioni 1.06 kwa kuwapa watengenezaji wa kompyuta punguzo lenye masharti ya kutonunua kwa AMD. Intel ilikata rufaa na sehemu hiyo ya uamuzi ikabatilishwa 2022. Mwaka huohuo wa 2009 Intel iliilipa AMD dola bilioni 1.25 kumaliza kesi zao. Nvidia nayo ilitaka kuinunua Arm, kampuni ya Uingereza inayobuni prosesa za simu, kwa dola bilioni 40, ikaacha Februari 2022 baada ya wasimamizi wa nchi kadhaa kupinga. Kwetu, Sheria ya Ushindani ya 2003 inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC) ilipopitishwa iliweka asilimia 35 ya soko kuwa moja ya vipimo vya nafasi ya utawala.

Nataka GPU ya kujifunzia akili mnemba. Ninunue nini, na niangalie nini dukani?

Anza na ukubwa wa kumbukumbu ya kadi, kasi baadaye. Modeli ya vigezo bilioni 7 kwa biti 16 inahitaji GB 14 kwa uzito wake tu. Ikibanwa hadi biti 4 inashuka kama GB 4, ukiongeza kidogo kwa ajili ya kazi. Kwa hiyo kadi ya GB 12 yenye umri inaweza kukufaa kuliko mpya ya GB 8. RTX 3060 ni chaguo zuri, ila ipo ya GB 12 na ipo ya GB 8, na maboksi yanafanana. Inakula wati 170 na inataka pawasaplai ya wati 550.

Dukani, usilipe kabla kadi haijawashwa mbele yako. Fungua GPU-Z, programu inayoonyesha taarifa za kadi: kadi za zamani zilizobadilishwa jina, kwa mfano GTS 450 inayojiita GTX 1050, programu hiyo huziandikia neno FAKE. Kisha iendeshe kwa mzigo mkubwa dakika 15 ukitazama joto. Vidoti vya rangi au skrini kukatika ni dalili ya kumbukumbu mbovu. Feni inayolia au grisi iliyokauka si tatizo kubwa, fundi anarekebisha. Kutu nyeupe au ya kijani kwenye viunganishi ni jambo jingine. Vifaa vilivyokaa karibu na bahari huwa hivyo, iache. Kwa laptop, uliza wati za GPU: RTX 4060 ya laptop inaweza kuwekwa kwa wati 35 au 115, na jina linabaki lilelile. Dai risiti ya EFD yenye namba ya kadi, la sivyo waranti haina maana. Nyumbani weka UPS au kidhibiti umeme.

Kama huna bajeti, Google Colab ya bure mara nyingi hutoa T4 ya GB 16. Itakukatia baada ya saa kadhaa, kwa hiyo hifadhi kazi yako kwenye Drive kila mara.

Mwanafunzi wa DIT au UDSM anaweza kujifunza kuchora chipu bila kiwanda?

Anaweza, na tunamsihi afanye hivyo. Laptop ya RAM GB 8 inatosha. Weka Icarus Verilog ya kuigizia, GTKWave ya kutazama mawimbi, na Yosys ya kugeuza Verilog, lugha ya kuelezea chipu, kuwa milango ya mantiki. Zote ni bure. Anza na kihesabio, nenda kwenye UART (saketi ya kutuma data biti moja moja), kisha jenga prosesa ndogo ya RISC-V, seti ya amri iliyo wazi iliyoanzia Berkeley mwaka 2010. Toleo la RV32I lina rejista 32 na amri kama 40. Wengi hukwama wanapoandika Verilog kama wanavyoandika Python, mstari baada ya mstari. Kila kipande kwenye chipu kinafanya kazi kwa wakati mmoja, na hilo ndilo la kulizoea kwanza.

Utawala wa Nvidia unaweza kuisha vipi, na dalili nizione wapi?

Hatari iliyo karibu zaidi ni wateja wake wakubwa. Google inatumia chipu yake ya TPU tangu 2015, Amazon ina Trainium, na wengine wanachorewa zao na Broadcom. Hawa wana wahandisi wa kutosha kuziandikia programu zao upya, kwa hiyo CUDA haiwafungi kama inavyomfunga mtafiti wa chuo. Hatari ya pili ni kazi yenyewe kuhitaji chipu chache. Tarehe 27 Januari 2025, baada ya DeepSeek ya China kuonyesha modeli iliyofundishwa kwa gharama ndogo, thamani ya Nvidia ilishuka karibu dola bilioni 600 kwa siku moja, kisha ikapanda tena na kuvuka trilioni 4 mwezi Julai. Hatari ya tatu ni siasa: tangu Oktoba 2022 Marekani imezuia chipu bora za Nvidia kwenda China, na soko lililofungwa humpa mshindani wa ndani nafasi ya kukua.

Katika ripoti zake za kila robo mwaka soma vitu vinne: mauzo ya vituo vya data, asilimia ya faida ghafi, ahadi za manunuzi kwa viwanda, na sehemu ya mauzo inayotoka kwa wateja wachache. Faida ghafi ikishuka robo mbili mfululizo huku mauzo yakipanda, maana yake bei zimeanza kubanwa. Ahadi za manunuzi zikiwa kubwa na mauzo yakapoa, kampuni itabaki na mzigo stoo, kama ilivyotokea 2022 wachimbaji wa sarafu za kidijitali walipoacha kununua kadi. Ripoti hizo ni bure kwenye tovuti ya kampuni, na jedwali la mauzo kwa kila kitengo ndilo la kuanzia.